Kofi Kingston na mkuki wa Kamala

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni mwanamieleka gani wa kulipwa aliyeacha urithi wa kudumu, na urithi wenyewe ni upi? Najua mtapokea majina ya Hulk Hogan, John Cena na The Undertaker. Hapa Mombasa, uliza maskani yoyote kuanzia Majengo hadi Kisauni, The Undertaker atapita bila kupingwa. Jibu langu mimi ni Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana. Mtaniwia radhi nikieleza kwa urefu, kwa sababu ukihesabu mikanda peke yake hutaona alichokifanya.

Lakini kwanza sina budi kumtaja Kamala.

Sisi tuliokua miaka ya tisini, mieleka tuliitazama kwenye kanda za video, watoto tumebanana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni. Mwafrika tuliyemjua kwenye kanda zile alikuwa mmoja: Kamala, aliyetangazwa kuwa jitu kutoka Uganda. Aliingia pekupeku, kinyago usoni, mkuki mkononi, nyota na mwezi vimechorwa mwilini, na pembeni yake msimamizi aliyevaa kofia ya wazungu wa uwindaji, kazi yake kumshika na kumwelekeza pa kwenda. Hakusema neno. Alijipiga tumbo kwa viganja. Alipomwangusha mpinzani hakujua hata namna ya kumbana mabega. Alimlalia mtu amelala kifudifudi, refa asiweze kuhesabu. Hadithi aliyopewa ilisema aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin.

Jina lake halisi lilikuwa James Harris, mtu wa Mississippi, Marekani. Sura ya Kamala ilibuniwa Memphis mwaka 1982, na kwa sura hiyo akapambana na Andre the Giant, akapambana na Hulk Hogan, na Agosti 1992 akasimama na The Undertaker mbele ya umati wa Wembley, London. Simlaumu hata chembe. Alikuwa akitafuta riziki kama baba yeyote. Mieleka ilipomtupa aliendesha malori, kisukari kikamkata miguu yote miwili, na alifariki Agosti 2020. Lawama yangu ni kwa waliokaa wakaamua kwamba Mwafrika, ili tiketi ziuzike, sharti awe hajui kuongea.

Na sisi Mombasa tukaimeza hadithi ile nzimanzima! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Uganda kwetu si nchi ya kusimuliwa. Mizigo yake hushushwa kwenye bandari yetu, na malori ya kwenda Kampala tunayaona Changamwe asubuhi na jioni. Darasani kwetu alikuwemo kijana ambaye wazazi wake walitoka Jinja. Jina la Kamala lilimganda mpaka akamaliza shule, na watoto walikuwa wakimfuata njiani wakimwambia ajipige tumbo.

Sasa njooni kwa Kofi.

Kofi Nahaje Sarkodie-Mensah alizaliwa tarehe 14 Agosti 1981, siku ya Ijumaa, na kwa desturi ya Waakan, kabila la Ghana, mtoto wa kiume wa Ijumaa huitwa Kofi, kama ambavyo huku kwetu akina Juma wamejaa kila mtaa. Familia ilihamia Marekani angali mdogo. Akakulia Massachusetts, akahitimu Boston College, akafanya kazi ya ofisini, kisha akaiacha na kwenda kujifunza mieleka. Alipoanza kuonekana kwenye WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, Januari 2008, hakutangazwa kuwa Mghana. Alitangazwa kuwa Mjamaika. Lafudhi ya Kijamaika, muziki wa rege wakati wa kuingia, na jina la mji wa Kingston. Sura hiyo aliianza mwenyewe tangu kwenye kumbi ndogo kwa mapenzi yake ya rege, na kampuni ikaipokea kwa mikono miwili. Vijana wa Mombasa, ambao kwao rege ni chakula cha kila siku, walimpokea vilevile. Juni mwaka huohuo alimshinda Chris Jericho na kuuvaa mkanda wa Intercontinental, ambao kwa heshima unafuata ule mkubwa wa dunia.

Nataka msomaji atulie hapo. Mtu aliyezaliwa Afrika, mwenye jina la Kiafrika, alilazimika kupitia Karibiani ndipo apendwe. Kwa nini asitoke Ghana tu? Kwa sababu Afrika waliyoijua watazamaji ilikuwa ile ya Kamala. Mlango wa Mwafrika ulikuwa mmoja, na mlangoni pamesimama mtu ameshika mkuki.

Mwaka 2009 mambo yalibadilika, na yalibadilika bila shangwe yoyote. Mwanamieleka mwenzake, Triple H, alimuuliza mbele ya watazamaji vipi mtu wa Jamaika hana tena lafudhi ya Kijamaika. Muda si muda mtangazaji akaanza kumwita ulingoni kama mtu wa Ghana, Afrika Magharibi. Hakuna ngozi ya chui iliyoletwa. Hakuna ngoma za porini. Aliingia mtu wa Ghana anayecheka, anayezungumza kwa sauti yake mwenyewe, na anayeruka juu kuliko wote waliokuwa naye. Kwangu mimi urithi wake unaanzia siku zile, miaka kumi kabla hajaugusa mkanda mkubwa.

Kuhusu kuruka huko nina la kusema, kwa sababu nimekuwa mtu wa sarakasi. Nimejifunzia kwenye mchanga wa Bamburi, nimetumbuiza kwenye mahoteli ya Pwani ya Kaskazini, na sasa nafundisha vijana. Mombasa imetoa wanasarakasi waliozunguka dunia, na tukimtazama Kofi tunaona kitu ambacho shabiki wa kawaida huenda kikampita. Kila mwanzo wa mwaka WWE huwa na pambano la Royal Rumble, watu 30, na anayerushwa juu ya kamba akagusa sakafu kwa miguu yote miwili ametoka. Mwaka 2012, mjini St. Louis, mpinzani wake The Miz alimsukuma Kofi nje. Akatua kwa mikono. Akatembea kwa mikono hiyo, miguu imenyooka juu, mpaka kwenye ngazi za chuma, akaishusha miguu juu ya ngazi na kurudi ulingoni. Kutembea kwa mikono kila mwanafunzi wangu anaweza. Lakini jaribu kufanya hivyo ukiwa umechoka, umepigwa, umeanguka kutoka juu, mbele ya maelfu ya watu, na nafasi ya kurudia hakuna. Vifundo vya mkono ndivyo vinavyojua ugumu wake.

Mwaka uliofuata alitua kwenye mgongo wa mwanamieleka mwenzake Tensai, akahamia kwenye meza ya watangazaji, akaomba kiti cha mtangazaji JBL na kurukaruka nacho, kiti chini ya miguu, mpaka ulingoni. Mwaka 2014 aliruka kutoka kwenye kizuizi cha mashabiki mpaka ukingoni mwa ulingo, umbali ambao mimi binafsi nisingemruhusu kijana wangu aujaribu bila godoro. Ikawa desturi, watu walikuwa wakimngoja kila Januari waone mwaka huu atajiokoa vipi. Na Januari 2022, St. Louis hiyohiyo, alikosea. Alisukumwa, akaruka kwenye kizuizi, miguu ikagusa chini, akatoka. Wapo waliomcheka mitandaoni. Mimi nilisimama nikampigia makofi peke yangu sebuleni, kwani alikuwa na miaka 40 na bado anajaribu jambo ambalo vijana wa 20 wanaliogopa.

Sasa nije kwenye ile miaka yake ya katikati, ambayo ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Novemba 2009, kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alimrukia nyota Randy Orton akiwa amelazwa mezani, meza ikavunjika, na ukumbi mzima ukalipuka. Kila mtu aliona stelingi mpya amezaliwa. Januari 2010 wakiwa kwenye pambano la moja kwa moja, Kofi alikosea hatua moja ndogo iliyopangwa, na Orton akamtolea ukali kwa sauti, kamera zikanasa kila neno. Baada ya hapo Kofi akarudishwa nyuma. Mashabiki wengi wanaamini kosa lile moja ndilo lililomgharimu miaka. Tunachojua kwa hakika ni kwamba ile nafasi ya juu haikurudi. Akawa mtu wa kati: leo ana mkanda mdogo, kesho kashindwa ili mwingine ang'ae.

Kwenye sarakasi, piramidi ya watu hupigiwa makofi kwa ajili ya yule mdogo aliye kileleni, lakini sisi wenyewe tunamjua mzee wa chini anayebeba wote. Akitetemeka yeye, wamekwisha. Kofi alikuwa huyo wa chini kwa miaka mingi. Tazameni mapambano ya wapinzani wake wa wakati ule, muone ni wangapi walionekana hodari kuliko walivyo siku walipokutana naye.

Mwaka 2014 akaunganishwa na Big E na Xavier Woods, kundi likaitwa The New Day, na hapo tena ofisi ikaleta vazi la kuazima: watatu hawa weusi wakatakiwa wapige makofi na kuhubiri furaha mithili ya wahubiri wa kanisani. Watu waliwazomea. Nao badala ya kunyamaza wakaivunja ile sura wakaijenga yao, yenye tromboni ya Woods, chapati tamu za Kimarekani na pembe za rangi kichwani. Wakashika ubingwa wa wawili wawili siku 483, kuanzia Agosti 2015 hadi Desemba 2016, wakaipita rekodi ya siku 478 ya Demolition, kundi la zamani. Baadaye kundi la The Usos liliwapita wao. Rekodi ndivyo zilivyo.

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo anatikisa kichwa: mieleka hii ya kupangwa, mshindi anajulikana kabla, urithi gani hapo? Ami yangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa akizima televisheni kwa hoja hiyohiyo. Ni kweli, matokeo yamepangwa. Nami nasema hiyo ndiyo sababu inayoyapa uzito. Katika ndondi, bondia akishindwa tunasema ngumi zake hazikutosha. Katika mieleka hii, mtu akikaa miaka kumi na moja bila kupewa nafasi ya kuwania ubingwa wa WWE ana kwa ana na bingwa, hakuna ngumi ya kulaumiwa. Kuna chumba, kuna watu ndani yake, na watu hao wameamua uso gani uwe uso wa kampuni. Mwafrika alikuwa hajawahi kuwa uso huo.

Ndiyo maana siipendi ile simulizi ya kwamba Kofi ni mfano wa mvumilivu hula mbivu. Yeye alikuwa ameiva tangu 2009. Kilichobadilika mwaka 2019 ni watazamaji kukataa kunyamaza.

Ilianza kwa bahati. Februari 2019 mwanamieleka mwenzake, Mustafa Ali, aliumia, Kofi akawekwa mahali pake. Tarehe 12 Februari, katika pambano la kukabili wapinzani mmoja baada ya mwingine, alikaa ulingoni zaidi ya saa nzima, akawatoa Daniel Bryan, aliyekuwa bingwa, kisha Jeff Hardy, kisha Samoa Joe, hadi AJ Styles alipomzima. Siku chache baadaye alibaki yeye na Bryan peke yao katika pambano la ndani ya kizimba. Alishindwa, na watu hawakukubali. Jina lake likaanza kuimbwa kila ukumbi. Kampuni ikaona, ikaiingiza hasira ya watu ndani ya hadithi: Vince McMahon mwenyewe, mkuu wa kampuni wakati huo, akasimama ulingoni kama mwajiri asiyetaka, akamwambia Kofi kuwa ni mtu wa daraja la pili. Akapangiwa wapinzani watano usiku mmoja, akawashinda wote, kisha akaongezewa wa sita. Yeyote aliyewahi kuhudhuria usaili wa kazi ambao majibu yake yalishapangwa aliielewa hadithi ile bila mkalimani.

Fainali ilikuwa WrestleMania 35, tamasha kubwa la WWE la kila mwaka, tarehe 7 Aprili 2019, uwanja wa MetLife, New Jersey. Kwetu ilikuwa Jumatatu kabla ya adhana ya alfajiri. Nilikuwa na mpwa wangu, wakati huo angali shule ya msingi, na shuleni alitakiwa asubuhi hiyohiyo. Dada yangu hajanisamehe mpaka leo. Kofi alimkata Bryan teke lake la kuzunguka, akambana, refa akahesabu tatu. Big E na Woods wakaleta ule mkanda wa kawaida na kuuweka kando wa katani na mbao aliokuwa akiutumia Bryan. Wanawe Kofi wakaingia ulingoni. Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa Afrika kuwa bingwa wa WWE. Mwaka huohuo alirudi Ghana na mkanda wake, baada ya miaka mingi ya kutokwenda nyumbani.

Aliushika siku 180. Katika siku hizo alikutana tena na Orton, na lile kosa la 2010 likatajwa waziwazi, na Septemba akamshinda. Kisha ikaja tarehe 4 Oktoba 2019, Los Angeles, usiku ambao kipindi cha SmackDown kilihamia kituo kipya cha televisheni. Wakamleta Brock Lesnar. Kengele ikalia, Lesnar akambeba, akamwangusha, na ndani ya sekunde chache ubingwa ukaisha. Nimesikia kila utetezi wa uamuzi ule: kituo kipya kilitaka jina kubwa, Lesnar huvuta watu. Siukubali hata mmoja. Kushindwa kungevumilika. Bingwa aliyepanda kwa jasho la miaka yote ile alistahili pambano, lenye mwanzo na katikati. Tena hakupewa hata nafasi ya kurudiana naye. Aliyepanga usiku ule aliwadharau watu waliokuwa wameimba jina la Kofi tangu Februari.

Yeye hakulalamika hadharani. Wiki iliyofuata alirudi kwa wenzake wakaendelea na kazi. Septemba 2021 Big E alipompokonya Bobby Lashley mkanda huohuo, Kofi na Woods walikimbilia ulingoni kumkumbatia. Lashley mweusi, Big E mweusi, wote bingwa mwaka mmoja. Siwezi kusema Kofi peke yake ndiye aliyeufungua mlango, lakini kabla yake ulikuwa haufunguki hivyo.

Tena sitaki mtu aniambie kuwa mkuki ulikwisha. Mwaka 2021, miaka miwili tu baada ya ushindi wa Kofi, Apollo Crews, kijana aliyezaliwa California mwenye asili ya Nigeria, aligeuzwa ghafla kuwa mtu wa ukoo wa kifalme, na lafudhi ya kubandika, na mkuki mkononi. Akachukua mkanda wa Intercontinental WrestleMania 37 kwenye pambano lililopambwa ngoma. Nilipouona ule mkuki nilimkumbuka kijana wa Jinja. Ila safari hii watazamaji wengi waliuliza, na waliuliza kwa sauti, kwa nini. Walikuwa wamekwisha kuona Mwafrika aliye bingwa bila mkuki, kwa hiyo walikuwa na cha kulinganishia. Sisi sebuleni miaka ya tisini hatukuwa nacho.

Nimalizie na jambo ambalo mashabiki wengi wa Kofi wanaliona doa na mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Machi 2022 Big E aliangushwa vibaya mjini Birmingham, Alabama, akavunjika shingo. Hilo halikupangwa, na wale wanaosema mieleka ni uongo mtupu wangemwona amelala pale wangenyamaza. Tarehe 2 Desemba 2024, katika sherehe ya miaka kumi ya The New Day, Big E alitokea kuwapatanisha wenzake, akajitolea kurudi awe msimamizi wao. Kofi na Woods wakamkataa mbele ya watu, wakamwambia aliwatelekeza. Ukumbi uliwazomea ule uzomeaji wa kweli, wa watu walioumizwa.

Kwa hiyo Kofi akawa adui. Zamani Mwafrika ulingoni alikuwa adui kwa sababu ni Mwafrika. Vazi lilitosha, dhambi haikuhitajika. Kofi alizomewa akiwa na akili zake timamu, akajieleza, akajitetea, akiwa na sababu zake mbovu anazozijua mwenyewe. Mpwa wangu, ambaye sasa ana ndevu, hataki hata kulisikia jina lake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mjomba, wewe hukuona alivyomfanyia Big E?"

Msomaji wenu,
Bamburi, Mombasa